Tulipe pia kazi ya kutafuta ugonjwa wa gari

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

NDUGU wasikilizaji, katika gereji zetu kuna neno moja dogo ambalo mwenye gari hulilipia ghali kuliko spea yoyote. Neno lenyewe ni "labda". Labda ni plagi, tubadilishe. Labda ni koili, kanunue. Labda ni pampu ya mafuta, maana gari la jirani yako nalo lilikuwa hivyo hivyo. Ikifika Jumamosi mwenye gari ana mfuko wa vipuri vizima vilivyotolewa kwa kudhaniwa ni vibovu, mfukoni hana kitu, na gari bado linazima njiani.

Leo nataka tuliangalie neno hilo kwa makini, na nitalitazama kupitia sehemu moja tu ya gari, nayo ni mfumo wa ignisheni wa elektroniki, yaani ule mfumo unaotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini. Nimeuchagua mfumo huu kwa sababu ndiko "labda" inakostawi zaidi. Kitu kilichovunjika kila mtu anakiona. Umeme haumwonyeshi mtu sura yake.

Wale wenye umri wangu na zaidi wanayakumbuka magari ya zamani, akina Peugeot 504 na Land Rover za petroli. Ndani ya distribyuta mlikuwa na pointi, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vikigusana, umeme wa betri unapita kwenye koili. Vikiachana, umeme unakatika ghafla, na kule kukatika ndiko kunakoifanya koili itoe umeme mkali wa kuruka kwenye plagi. Mpango huo, uliotengenezwa na Charles Kettering wa Marekani, uliingia katika magari ya Cadillac, na ukaitawala dunia kwa zaidi ya miaka 60. Dereva wa safari ndefu alitembea na kipande cha msasa. Pointi zikichafuka, alizisugua, akapima nafasi kwa jicho au kwa kipande cha boksi la kiberiti, akaondoka zake.

Baadaye wahandisi wakaziondoa pointi. Kampuni ya Chrysler ilizifanya ignisheni za elektroniki kuwa kitu cha kawaida katika magari yake yote ya petroli ya mwaka 1973, na wengine wakafuata. Mahali pa pointi pakakaa ignaita, kifaa kisicho na sehemu inayocheza, ambacho hufungua na kufunga umeme kwa transista. Pakaongezwa sensa inayotazama mzunguko wa injini, na baadaye kompyuta inayotoa amri. Katika magari ya karibuni hata distribyuta haipo, kila silinda ina koili yake iliyokaa juu ya plagi.

Kazi inayofanyika humo ni kubwa. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 100 kwa kila sekunde moja. Kila cheche inatokana na volti 12 za betri kupandishwa hadi volti zaidi ya 20,000. Kila moja lazima ifike kwa wakati wake. Ikichelewa, gari linakosa nguvu. Isipofika, petroli inatoka bila kuungua, injini inatetemeka, na bomba la moshi linapata joto lisilo la kawaida. Katika nyasi kavu za kiangazi cha Dodoma, gari la namna hiyo likiegeshwa vibaya linaweza kuwasha moto.

Sasa twende Buigiri. Kwa asiyepafahamu, Buigiri ni kijiji cha Wilaya ya Chamwino, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, kilometa 30 na ushee kutoka Dodoma mjini. Mabasi na malori makubwa yanapita hapo usiku na mchana, lakini hayo ni ya dizeli na dizeli haina plagi wala cheche, kwa hiyo hayamo katika hadithi yetu. Yaliyomo ni yale magari madogo ya petroli, yaliyonunuliwa yakiwa yametumika Japani, ambayo yanawachukua watu na mizigo yao kati ya vijiji na mji. Jua la pale halina mchezo, na vumbi linaingia kila penye tundu.

Hapo nilimkuta kijana mmoja mwenye gari dogo la miaka ya 1990. Gari lake lilikuwa linazima. Asubuhi linaondoka vizuri. Saa sita mchana, likiwa limejaa abiria, linakata moto ghafla kama taa iliyozimwa. Anakaa kando ya barabara saa nzima, anapiga stata, linawaka kana kwamba halikuwahi kuumwa. Siku moja lilikata moto likiwa na mama mjamzito aliyekuwa anawahishwa hospitali mjini. Mama yule alihamishiwa gari lingine, akafika salama, lakini kijana hakuweza kulisahau jambo lile.

Alikwishapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alisikiliza, akafungua njia ya mafuta wakati gari limezima, akaona nozeli hazirushi petroli, akasema pampu imekufa. Ikanunuliwa pampu. Wa tatu akasema kompyuta. Ikanunuliwa kompyuta ya mtumba. Kijana alinieleza hesabu yake kwa lugha ya kwao: ng'ombe wawili wameingia ndani ya gari lile, na bado linazima.

Fundi wa nne alikuwa mzee. Hakufungua kitu. Alivuta kigoda akaanza kuuliza.

"Linazima asubuhi au mchana?"

"Mchana tu, mzee. Asubuhi halina neno."

"Likiwa linakwenda au limesimama?"

"Linakwenda. Likipoa linawaka."

"Na hao wenzangu, walipoanza kazi walianza na nini?"

"Wote walianza kwa kutoa waya wa betri, mzee. Walisema wanaisafisha kompyuta."

Mzee akacheka kidogo, akasema: "Basi walikuwa wanaufuta ushahidi, mwanangu."

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo lilipo fundisho la kwanza. Kompyuta ya gari ina kumbukumbu. Ikiona hitilafu inaandika namba ya hitilafu hiyo na kuwasha taa ya injini kwenye dashibodi. Ukitoa waya wa betri kabla ya kusoma, katika magari mengi ya zamani namba hiyo inafutika. Ni sawa na askari anayefika penye tukio na kuanza kwa kufagia.

Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia yale ya mwaka 1996 yana tundu la aina moja la kuchomeka mashine ya kusomea, na namba zake zinafanana kwa watengenezaji wote. P0301 maana yake silinda ya kwanza inakosa kuwaka. P0335 inahusu mkondo wa umeme wa sensa ya kranki. Mtindo huo umeenea duniani, na mashine ndogo za kusomea sasa ziko hata mikononi mwa mafundi wa vijijini. Lakini magari mengi ya Kijapani ya zamani hayana tundu hilo. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 fundi huunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1, akafungua swichi bila kuwasha injini, kisha akahesabu taa ya injini inavyokonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa mwendo ule ule, hakuna hitilafu iliyoandikwa. Ikikonyeza mara moja, ikapumzika, ikakonyeza mara nne, hiyo ni namba 14, na habari yake ni ya ignisheni.

Buigiri ipo shule ya wasioona, inayojulikana nchini. Mtoto wa pale anasoma kwa vidole maandishi ya nukta nundu, ambayo kila herufi yake hupangwa katika nafasi sita tu za nukta. Akiruka nukta moja, anasoma herufi nyingine. Hana haraka, maana anajua haraka itampa neno ambalo mwandishi hakuliandika. Fundi anayehesabu taa inavyokonyeza yumo katika darasa hilo hilo.

Yule mzee alihesabu, akapata namba ya mfumo wa ignisheni. Sasa sikilizeni kwa nini fundi wa pili alidanganyika. Katika mfumo wa namna hii kompyuta ikitoa amri ya cheche, ignaita hurudisha jibu: amri imetekelezwa. Jibu lisiporudi mara kadhaa mfululizo, kompyuta inaamini kwamba cheche hakuna, na ili petroli mbichi isimwagike ndani ya injini, inazifunga nozeli. Kwa hiyo fundi akifungua anakuta mafuta hayarushwi. Ameona kweli, macho yake hayakumdanganya. Ila alichokiona ni matokeo, akakiita chanzo. Pampu ikabeba lawama ya ignaita.

Hata hivyo mzee hakusema "kanunue ignaita". Namba ile inaonyesha mtaa, haionyeshi nyumba. Tatizo linaweza kuwa ignaita, linaweza kuwa koili, linaweza kuwa waya uliochubuka au kiunganishi kilicholegea. Alifuata waya kwa vidole, akazitikisa huku injini inaunguruma, akachunguza viunganishi na waya wa ethi. Vyote vilikuwa sawa. Akapima koili, nayo nzima. Kisha akafanya jambo ambalo wale watatu hawakulifanya: akaisubiri hitilafu ije mwenyewe. Aliliacha gari likiunguruma juani mpaka lilipokata moto. Akapima cheche, hakuna. Akaiwekea ignaita kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, kwenye bati lake la nje, mbali na viunganishi. Baada ya dakika chache akapiga stata. Likawaka. Alirudia jaribio hilo mara mbili. Hapo ndipo alipotamka neno ignaita, na hakuweka "labda" mbele yake.

Kijana akanunua kipuri kimoja. Gari likapona.

Wasikilizaji wenye magari mapya zaidi, yenye koili moja kwa kila silinda, wana jaribio jingine ambalo halina gharama. Mashine ikisema silinda ya kwanza inakosa, fundi ahamishe koili ya kwanza iende ya tatu, na ya tatu ije ya kwanza. Afute namba, gari litembezwe. Hitilafu ikihama kutoka P0301 kwenda P0303, koili ndiyo mkosaji, imeshikwa mkono. Ikibaki pale pale, koili haina hatia, na fundi atafute kwenye plagi, nozeli au kompresheni. Ni dakika chache za kazi, na zinaokoa fedha ya koili nzima, aghalabu ya koili nne, maana wapo wanaoshauri zibadilishwe zote "kwa usalama".

Na gari lisilowaka kabisa? Kwanza betri. Betri nzima iliyopumzika inaonyesha yapata volti 12.6. Wakati wa kupiga stata isishuke sana chini ya volti 10. Ikishuka, kompyuta na ignaita hazipati umeme wa kutosha, na utatafuta ugonjwa ambao haupo. Pili, fundi aulize: cheche inakosekana kwenye silinda zote au kwenye moja? Ikikosekana kwenye zote, atazame vitu vinavyotumiwa na zote: fyuzi, swichi, ignaita, sensa ya kranki. Ikikosekana kwenye moja, atazame vitu vya ile moja. Swali hilo peke yake linapunguza nusu ya kazi. Katika magari mengi, mshale wa mizunguko usiposogea hata kidogo wakati stata inazungusha injini, sensa ya kranki ni ya kutiliwa shaka mapema.

Nitoe na onyo. Ule mtindo wa zamani wa kuchomoa waya wa plagi injini ikiwa inaunguruma na kuuacha ukining'inia ili uone cheche, hauifai ignisheni ya elektroniki. Umeme ukikosa pa kwenda unatafuta njia yake, na unaweza kuiua koili au ignaita iliyokuwa nzima. Unaweza pia kumpiga mtu, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo si jambo la mzaha. Cheche hupimwa kwa kifaa chake au kwa plagi ya akiba iliyobanwa vizuri kwenye chuma cha injini, mbali na mvuke wa petroli.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka tuondoke nalo. Ni rahisi kuwalaumu mafundi. Lakini tujiulize na sisi wenye magari: huwa tunalipia nini? Tunalipia spea. Tunalipia kufunga na kufungua. Fundi akikaa saa tatu anauliza, anapima, anafuata waya, kisha akabana kiunganishi kilicholegea na gari likawaka, tunamwambiaje? "Ah, fundi, si umebana tu?" Tunampa fedha ya soda. Mwenzake aliyebadilisha pampu nzima anapata ujira kamili, kwa sababu tumeona kitu kipya kinang'aa. Fundi ana watoto wa kulisha. Tukiendelea kulipa mikono na kukataa kulipa akili, atatuuzia kazi ya mikono, na "labda" itaendelea kuwa bidhaa.

Hospitali tumekwishaelewa. Mgonjwa analipia kumwona daktari na analipia vipimo kabla hajapata kidonge kimoja, na vipimo vikionyesha hana malaria hadai kurudishiwa fedha. Kwa nini gereji iwe tofauti? Tukubaliane na fundi tangu mwanzo: hii ni gharama ya kutafuta ugonjwa, na hii ni gharama ya kuutibu. Utaona anavyobadilika.

Upande wa mafundi nao una deni. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyuo vyake vinafundisha ufundi na umeme wa magari. Yapo mafunzo ya muda mfupi kwa mtu mwenye kazi yake. Fundi aliyejifunza kwa kushika spana chini ya mwembe ana hazina kubwa mikononi, na miezi michache ya kujifunza kupima umeme itaiongezea thamani. Kipimio cha volti na omu si kitu cha bei kubwa. Fundi wa umeme asiye nacho ni kama mshonaji asiye na futi.

Mkoa wetu una kumbukumbu ya mashine zilizotangulia maarifa. Pale Kongwa, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga. Yaliletwa matrekta kwa mamia, mengi ya mtumba, mabaki ya Vita Kuu ya Pili. Ardhi ilikuwa ngumu na mvua haba, na karakana zilizidiwa na mashine zilizoharibika. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Fedha za walipa kodi zilikuwa zimekwisha kuteketea. Sisi leo tunaleta magari ya mtumba yenye kompyuta ndani yake. Tofauti ni kwamba gharama hailipwi na serikali ya ng'ambo. Inalipwa na kijana wa Buigiri, kwa ng'ombe wake.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, gari lako likikata moto, ukifika gereji uliza maswali manne kwa adabu. Umeisoma kumbukumbu ya kompyuta kabla ya kutoa waya wa betri? Cheche inakosekana kwenye silinda zote au moja? Umepima nini kinachokuonyesha kwamba kipuri hiki ndicho kibovu? Na je, kazi ya kupima ni kiasi gani? Fundi anayejua kazi yake hatakasirika. Atafurahi kwamba hatimaye amepata mteja anayetaka kumlipa kwa kile alicho nacho kichwani.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena wiki ijayo, saa na siku kama hii. Kwaherini.